Mfamasia Hapaswi Kupimwa kwa Idadi ya Maboksi

Methotreksati ni dawa ambayo wagonjwa wa baridi yabisi huandikiwa kumeza mara moja tu kwa wiki. Kiasi kilekile kinachotuliza viungo, kikimezwa kila siku, huharibu uboho unaotengeneza chembe za damu, huchubua utando wa kinywa na utumbo, na kinaweza kuua. Kosa hili si geni. Limeripotiwa katika nchi nyingi na kwa miaka mingi, na mara nyingi hupita njia moja: aliyeandika dawa amekosea neno au ameandika kwa mkato, aliyeitoa amebandika lebo kwa haraka, mgonjwa amezoea kwamba vidonge ni vya kila siku, na katika mnyororo wote huo hakuna aliyemuuliza, “Utakuwa unameza siku gani ya wiki?” Kuuliza swali hilo na kusikiliza jibu lake hakumalizi hata nusu dakika. Mtu wa mwisho mwenye elimu ya kuliuliza, kabla dawa haijaingia mfukoni mwa mgonjwa, ni mfamasia.

Ninachotaka kukionyesha ni kwamba maswali ya namna hii hayakosi kuulizwa kwa sababu wafamasia hawayajui. Hayaulizwi kwa sababu karibu kila kitu kinachomzunguka mfamasia, kuanzia mapato yake, nafasi anayofanyia kazi, kumbukumbu anazoruhusiwa kuziona, hadi namna anavyokaguliwa, kimepangwa kwa kufuata boksi la dawa linalotoka dirishani, wala si kwa kufuata kinachompata mgonjwa baada ya boksi hilo kufunguliwa. Mijadala ya kuboresha huduma za famasi huanza kwa kudai mafunzo zaidi, semina zaidi na vyeti zaidi. Sina ugomvi na mafunzo. Lakini kumwongezea elimu mtu ambaye tayari anajua mengi kuliko anayoruhusiwa kuyatumia ni kuanzia mahali pasipouma.

Ukimya wa mfamasia, kwanza, haukutokea kwa bahati mbaya. Uliwahi kuwa kanuni iliyoandikwa. Mwaka 1952 chama cha wafamasia wa Marekani kilipitisha kanuni za maadili zilizomtaka mfamasia asijadili na mgonjwa namna dawa aliyoandikiwa inavyotibu, wala viambato vyake. Mgonjwa aliyeuliza alipaswa kurudishwa kwa daktari. Kwa maneno mengine, mtu aliyesomea dawa kwa miaka mingi aliambiwa na chama chake mwenyewe kwamba uadilifu wake uko katika kutosema anachokijua. Kanuni hizo zilirekebishwa mwaka 1969. Kabla ya hapo, mwaka 1966, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, wafamasia walikuwa wameanza kufanya kazi wodini, kwenye ghorofa ya tisa, wakifuatilia dawa za kila mgonjwa pamoja na madaktari na wauguzi. Jaribio hilo ni miongoni mwa yaliyozaa kile tunachokiita leo famasia ya kitabibu. Mwaka 1990 wasomi wa famasia wa Marekani, Charles Hepler na Linda Strand, walikwenda hatua moja mbele kwa kusema kwamba mfamasia anawajibika kwa matokeo ya tiba katika maisha ya mgonjwa, na kwamba kumkabidhi dawa sahihi ni sehemu tu ya wajibu huo. Tangu hapo lugha ya taaluma imebadilika kila mahali. Miongozo ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani na Shirikisho la Kimataifa la Wafamasia, katika toleo lake la mwaka 2011, inamtaja mfamasia kama mtu wa kusimamia tiba ya dawa. Kilichobaki nyuma ni dirisha.

Tuliangalie hilo dirisha kwa karibu, maana ndipo mambo yanapoamuliwa. Mgonjwa anafika akiwa na cheti cha dawa tatu. Mfamasia anasoma, anachukua maboksi, anabandika maelekezo, anasema “kutwa mara mbili, baada ya kula,” na anamwita anayefuata. Kazi imefanyika bila kosa lolote linaloonekana. Lakini miongoni mwa dawa hizo mna ya kushusha presha ya jamii inayolegeza mishipa kwa kuzuia homoni za figo, na nyingine ya kuongeza mkojo, na mgonjwa huyohuyo ana maumivu ya goti ambayo kwa wiki mbili amekuwa akiyatuliza kwa ibuprofeni aliyojinunulia mwenyewe bila cheti. Dawa hizi tatu zikikutana mwilini, hasa kwa mtu mzima aliyepungukiwa maji, zinaweza kuziangusha figo. Daktari hakujua habari za ibuprofeni kwa sababu mgonjwa haihesabu kuwa dawa. Kwake ni kidonge cha maumivu tu. Hakuna maandishi popote yanayoonyesha hatari hiyo. Inaonekana tu pale mtu anapouliza, “Mbali na hizi, kuna kitu kingine chochote unachokunywa, hata cha dukani, hata cha mitishamba?”

Au mgonjwa amevimba miguu. Amepewa dawa ya kukojoa ili uvimbe upungue. Sasa anaamka usiku mara nne, analala vibaya, na anataka dawa ya usingizi. Mfamasia anayetazama mpangilio wote wa dawa zake ataona kwamba uvimbe ulianza baada ya amlodipini, dawa ya presha ambayo uvimbe wa vifundo vya miguu ni mojawapo ya maudhi yake yanayojulikana sana, na kwamba pengine kinachohitajika ni kumshauri daktari apunguze dozi au abadilishe dawa ya kwanza badala ya kuongeza ya tatu. Hapa ndipo famasia inapoonyesha thamani yake, katika kutambua kwamba dawa mpya inatibu madhara ya dawa ya zamani. Na angalia kinachotokea kifedha: mfamasia aliyefanya kazi yake vizuri ameuza maboksi mawili pungufu.

Hilo ndilo pingamizi kubwa la mageuzi tunayoyazungumza, na nashangaa jinsi linavyopitwa kwa haraka. Pale ambapo mapato ya famasi ni tofauti kati ya bei ya kununulia na bei ya kuuzia, kila ushauri unaopunguza dawa ni hasara, na kila dakika kumi za kumfundisha mgonjwa wa pumu jinsi ya kuvuta dawa yake ipasavyo ni dakika ambazo hakuna kilichouzwa. Tunamtaka mtu afanye jambo jema huku tukimwadhibu kila anapolifanya. Wengi wanalifanya hata hivyo, kwa dhamiri zao, na nawaheshimu. Lakini huduma ya afya ya umma haiwezi kutegemea dhamiri ya mtu mmoja mmoja aliyechoka mwisho wa zamu.

Chukulia antibiotiki. Inakadiriwa kwamba mwaka 2019 vifo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na maambukizi ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa. Kila mtu anayeuza dawa anajua kwamba mafua hayatibiwi kwa amoksilini. Mteja anapodai apewe, na akinyimwa atavuka barabara na kuipata kwingine, mfamasia anayekataa hapati shukrani wala malipo, na hakuna mahali panapoandikwa kwamba alikataa. Tukitaka akatae, kukataa kwake kuwe sehemu ya kazi anayolipwa na kazi inayoonekana kwa wakaguzi, na jirani yake anayekubali awe na sababu ya kuogopa.

Je, kuna ushahidi kwamba mfamasia akipewa nafasi, afya za watu hubadilika kweli? Mfano ambao mimi naurudia mara kwa mara haukutoka hospitalini. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililoongozwa na daktari wa moyo Ronald Victor, lililofanyika katika saluni 52 za kunyolea nywele zinazotumiwa na wanaume weusi huko Los Angeles. Wanaume 319 wenye presha ya juu isiyodhibitiwa waligawanywa makundi mawili kwa kufuata saluni zao. Katika kundi moja, kinyozi aliwahimiza wateja wake wabadili mwenendo wa maisha na waende kumwona daktari. Katika kundi la pili, mfamasia alikuja palepale saluni, akawapima presha, na kwa makubaliano maalumu na madaktari wao akaanzisha na kurekebisha dawa, akapima chumvichumvi za damu, kisha akampelekea daktari taarifa ya kila alichofanya. Baada ya miezi sita, kipimo cha juu cha presha kilikuwa kimeshuka kwa wastani wa milimita 27 za zebaki katika kundi la mfamasia, na kwa takriban 9 katika kundi la kwanza. Waliofikia presha iliyo chini ya 130 kwa 80 walikuwa karibu 64 katika kila 100 upande mmoja, na karibu 12 upande wa pili.

Jaribio moja halithibitishi kila kitu, na saluni haikuwa jambo dogo katika mafanikio yale. Watu walikutwa mahali wanapopaamini, na mtu wanayemwamini. Hata hivyo, orodhesha alichokuwa nacho mfamasia wa pale saluni, kisha uilinganishe na alichonacho mwenzake wa dirishani. Alikuwa na muda wa kukaa na mtu mmoja. Alikuwa na kipimo mkononi, kwa hiyo aliona kama dawa inafanya kazi. Alikuwa na idhini ya kubadilisha dozi bila kumtuma mgonjwa kuanza safari upya. Alikuwa na njia ya kumfikia daktari na wajibu wa kumtaarifu. Na kipato chake hakikutegemea idadi ya vidonge vilivyotoka. Elimu yake haikuwa ya ajabu kuliko ya wafamasia wengine. Hali ya kazi ndiyo iliyokuwa tofauti.

Zipo nchi zilizoanza kubadilisha hali hiyo kisheria. Uingereza iliwaruhusu wafamasia waliopata mafunzo ya ziada kuandika dawa kwa kujitegemea kuanzia mwaka 2006, na jimbo la Alberta nchini Kanada likafungua mlango wa namna hiyo mwaka 2007. Mwaka 2011 huko England, mojawapo ya nchi zinazounda Uingereza, ulianzishwa mpango unaomlipa mfamasia kwa mazungumzo ya ufuatiliaji na mgonjwa aliyeanza dawa mpya ya maradhi fulani sugu. Wazo lake ni rahisi na linafuata jinsi watu wanavyoishi: mgonjwa huacha dawa katika wiki za mwanzo, anapokutana na maudhi ambayo hakuna aliyemwandaa kuyapokea. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2003 kwamba hata katika nchi zilizoendelea, ni takriban nusu tu ya wagonjwa wa maradhi sugu wanaozifuata tiba zao ipasavyo. Nusu nyingine wana dawa ndani ya nyumba na ugonjwa ndani ya mwili. Tangu Januari 2024, wafamasia wa England wanaweza pia kutibu maradhi saba ya kawaida, kama vile maambukizi ya mkojo yasiyo na matatizo kwa wanawake na maumivu ya koo, kwa mwongozo uliowekwa na kwa malipo ya kila ushauri.

Kwa kuwa nimetetea malipo ya ushauri, ni haki niseme yalipokwenda mrama. Katika England hiyohiyo, mwaka 2005 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wafamasia kwa kukaa na mgonjwa na kupitia matumizi ya dawa zake. Kila famasi iliwekewa ukomo wa mapitio 400 kwa mwaka. Ukomo ukageuka kuwa lengo: waajiri walihesabu mapitio kama walivyokuwa wakihesabu maboksi, na wafamasia walilalamika kwamba wanashinikizwa kuwakalisha wagonjwa ambao hawakuwa na haja, ili tu idadi itimie. Mpango huo ukafutwa mwaka 2021. Funzo ninalolichukua kwake ni kwamba kuhamisha malipo kutoka kwenye boksi kwenda kwenye mazungumzo hakutoshi, iwapo mazungumzo nayo yatahesabiwa kama maboksi. Malipo lazima yafungamane na mgonjwa anayehitaji huduma hiyo hasa, yaani mwenye dawa nyingi, mwenye figo dhaifu, aliyetoka hospitalini juzi na orodha mpya, au anayetumia dawa ambayo tofauti kati ya dozi ya kuponya na dozi ya kudhuru ni ndogo.

Madaktari nao wana hoja yao, na haifai kuipuuza kana kwamba ni wivu wa kazi. Katika karne ya 13 Mfalme Frederick II, katika ufalme wake wa Sisilia, aliweka sheria zilizomkataza tabibu kufanya biashara na muuza dawa au kuwa na duka lake mwenyewe. Sababu haijazeeka: anayeamua dawa gani itumike hapaswi kunufaika kwa kuiuza. Mfamasia anayeandika dawa kisha akaiuza mwenyewe anarudi katika mtego uleule, safari hii akiingia kwa mlango wa pili. Jibu langu ni kwamba kazi hizo mbili zitenganishwe kila inapowezekana. Mfamasia anayeandika dawa afanye hivyo akiwa kliniki, wodini au katika kituo cha afya cha msingi, na pale inapolazimu zifanyike chini ya paa moja, mtu wa pili mwenye sifa aikague dawa kabla haijatoka na sababu ya kuiandika ibaki kwenye kumbukumbu. Kuhusu hoja nyingine ya madaktari, kwamba mfamasia hakufundishwa kutambua maradhi, wako sahihi kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana mageuzi yenye tija zaidi, kwa maoni yangu, yako katika kusimamia tiba ambayo daktari amekwisha kuianzisha. Presha, kisukari, pumu na dawa za kuzuia kuganda kwa damu zinahitaji mtu wa kurekebisha dozi kwa miaka mingi baada ya ugonjwa kutambuliwa, na daktari ana dakika chache sana za kufanya hivyo.

Lakini hakuna awezaye kusimamia asichokiona. Mfamasia anakabidhiwa cheti cha kotrimoksazoli, ambayo ni antibiotiki, na hajui kwamba mgonjwa anatumia warfarini, dawa ya kuzuia kuganda kwa damu, aliyoichukua famasi nyingine. Dawa hizo mbili zikikutana, damu inaweza kukosa kuganda na mgonjwa akavuja damu ndani kwa ndani. Anatoa dozi kamili ya dawa inayotolewa mwilini na figo, bila kuona kipimo cha figo kilichochukuliwa wiki iliyopita umbali wa milango mitatu kutoka alipo. Kumpa mfamasia haki ya kusoma na kuandika katika kumbukumbu za mgonjwa, kwa kulinda siri kama inavyolindwa kwa daktari, kungezuia madhara mengi kuliko semina zote tunazoziandaa. Shirika la Afya Duniani, lilipozindua mwaka 2017 kampeni yake ya kupunguza madhara ya dawa, lilikadiria kwamba makosa ya dawa huigharimu dunia dola bilioni 42 za Marekani kila mwaka.

Kuhusu mashine za kuhesabia vidonge na programu za kutoa tahadhari, niseme kidogo tu: zinafaa iwapo muda zinaouokoa utarudishwa kwa mgonjwa, na hazina maana iwapo utatumika kumpunguza mfanyakazi. Vivyo hivyo kwa wateknolojia dawa, ambao wakipewa mamlaka ya wazi juu ya hesabu, uhifadhi na upangaji wa dawa, humwacha mfamasia huru. Wala kazi ya kale ya kulinda ubora wa dawa isidharauliwe katika shauku hii ya mambo mapya. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba moja kati ya bidhaa kumi za tiba katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni duni au ya kughushi. Ushauri mzuri juu ya kidonge cha chaki haumponyi mtu.

Kuna jambo dogo ambalo nalipa uzito mkubwa, nalo ni faragha. Tunataka mgonjwa aseme kwamba ameacha dawa ya presha kwa sababu imemwondolea nguvu za kiume, au kwamba anahofia mimba, au kwamba anameza dawa za ugonjwa ambao nyumbani hawaujui, na tunamtaka aseme hayo kwa sauti ya kupenya kioo, huku watu sita wamesimama nyuma yake. Hatasema. Atajibu “hakuna tatizo” na kuondoka, na mfamasia aliyesomea majibu yote hatapata swali la kujibu. Kona yenye viti viwili na mlango unaofungika ni sehemu ya tiba, na leseni ya famasi ingepaswa kuidai kama inavyodai jokofu.

Mfamasia naye akubali upande wa pili wa mizani. Anayedai sauti katika tiba aweke jina lake kwenye uamuzi wake na auwajibikie. Kwa kawaida mkaguzi anayeingia famasi hutazama joto la jokofu, tarehe za mwisho wa matumizi, leseni ukutani na hesabu ya dawa zinazodhibitiwa. Aombe na kumbukumbu nyingine: mara ngapi mwezi huu mfamasia alimpigia daktari kuhusu dozi, alikataa kutoa dawa na kwa nini, aligundua dawa mbili zisizopatana, alimfuatilia mgonjwa baada ya wiki mbili, na ni nini kilichotokea kila mara. Famasi inayohudumia mamia ya wagonjwa, ikaonyesha ukurasa mtupu kwa mwezi mzima, iulizwe kwa ukali uleule ambao ingeulizwa iwapo jokofu lake lingekutwa limezimwa.